Profesa wa Ghala Tupu

Tulimwita Profesa miaka kadhaa kabla chuo hakijampa cheo hicho, naye hakuwahi kutusahihisha. Aliyemwita Daktari, na hicho ndicho kilichokuwa cheo chake cha haki wakati ule, alijibiwa kwa kichwa tu. Aliyemwita Profesa aligeukiwa mwili mzima, akapewa mkono, akaulizwa hali ya watoto.

Kwao sikupajua na sikuuliza. Mimi nilimkuta Mnarani, nyumba niliyopanga na yake zikitenganishwa na ua wa michongoma, nami nilimjua jinsi jirani anavyomjua jirani: kikohozi chake cha asubuhi, harufu ya kilichomo chunguni mwao, wageni wanaoshuka kwenye magari ya wafadhili. Mimi ni mfamasia. Asubuhi nilivuka daraja la Kilifi kwenda kazini, katika hospitali ndogo ya kanisa karibu na Matsangoni. Jioni nikirudi nilimkuta barazani akizungumza kwa simu na redio fulani kuhusu bandari ambayo hajapata kuikanyaga.

Elimu yake ilikuwa ya kile wanachokiita mnyororo wa ugavi, yaani safari ya bidhaa tangu inapotengenezwa mpaka inapomfikia mwenye haja nayo, na mambo yanayoweza kuikata safari hiyo njiani. Ni elimu ya maana, sisemi sivyo. Lakini sijapata kuona mtu anayenawiri kwa shida za wenzake kama yeye. Meli ikikwama popote duniani, uso wake ulipata nuru. Wakati meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kulizunguka bara zima, mbolea ikachelewa, mafuta yakapanda, sisi hospitalini tukawa tunagawana glavu. Yeye alishona suti mpya, kwa sababu alikuwa ameitwa kwenye televisheni.

Alipenda kueleza kwa vyombo. Ukikaribishwa chai kwake ulijua hutainywa ikiwa moto.

"Birika hili ni Uchina," alisema siku moja, akilisukuma katikati ya meza. "Bakuli la sukari ni Dubai. Kisahani hiki, jirani, ndiyo Mombasa. Sasa tazama, nikiweka kijiko hapa kati, nini kinatokea?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mahamri. Ni mama mtaratibu, mwalimu wa watoto wa chekechea, asiyepandisha sauti. Sisi tulimwita Mama Profesa.

"Kinachotokea ni kwamba wageni wana njaa," alisema. "Naiomba hiyo Mombasa, niweke mahamri."

Mimi nilicheka. Profesa hakucheka. Aliitoa Mombasa akampa, kisha akaivuta kofia yake kutoka kichwani akaiweka mahali pake, akaendelea.

Alikuwa na misemo, naye aliitoa kwa utulivu wa mtu anayejua kuna anayeiandika. "Ghala ni kaburi la mali." Huo ndio aliokuwa akiupenda kuliko yote. Maana yake ni kwamba kitu kilichokaa kwenye rafu kimekufa, na mwenye akili hununua kinachohitajika, siku kinapohitajika, kwa sababu mashine sasa zina uwezo wa kujua kesho utataka nini. "Akiba ni woga," alisema pia. Wanafunzi wake walikuwa wakiutamka msemo huo hata sokoni Kilifi, wakiwatania akina mama waliokuwa wakinunua mchele wa mwezi.

Ikabidi nyumba yake ifuate mafunzo. Hapakuwa na gunia la unga humo ndani wala mtungi wa pili wa gesi. Kila kitu kiliagizwa kwa simu na kuletwa na bodaboda, hata chumvi. Jioni moja Mama Profesa aliniita juu ya ua.

"Dada, chini ya kitanda chako kuna nafasi?"

"Ya nini?"

"Ya unga na mtungi wa gesi. Na mchele kidogo. Profesa hataki kuviona nyumbani."

Tukavipitisha penye uwazi wa ua mchana wa siku iliyofuata, yeye akiwa darasani. Chumba changu cha kulala kikawa ghala la mtu aliyeapa hana ghala. Mvua kubwa ya mwaka mmoja ilipotufungia ndani, bodaboda zikakosa kupita, wao walikula ugali, wakala wali, wakaoka na mikate. Maji yalipopungua Profesa alinijia mwenyewe, viatu mkononi.

"Unaona, jirani? Tumevuka salama na hatukuweka hata kibaba. Watu wanatishika bure."

Nilimtazama Mama Profesa aliyekuwa nyuma yake. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na hakuinua macho. Hadi leo sidhani Profesa amewahi kujiuliza chakula kile kilitoka wapi. Alikuwa mtaalamu wa safari ya bidhaa zote duniani isipokuwa ile ya kutoka jikoni hadi sahani yake.

Nisije nikamdhulumu. Corona ilipokuwa bado ni habari ya nchi za mbali, yeye ndiye aliyenijia mlangoni akasema, "Agiza barakoa na glavu leo, keshokutwa hutazipata kwa fedha wala kwa dua." Nikaagiza. Hospitali nyingine zilipokuwa zikifunga mikono kwa mifuko ya plastiki, sisi tulikuwa nazo. Na siku mama yangu alipoanguka bafuni, Profesa ndiye aliyembeba akamtia garini, akakaa naye kwenye benchi la hospitali mchana kutwa mpaka nilipofika. Sijalisahau. Ila nilipofika nilimkuta akimweleza muuguzi jinsi foleni ile inavyopasa kupangwa, na muuguzi amechoka, na mama yangu amefumba macho si kwa maumivu bali kwa kutaka kunyamaziwa. Hata wema wake ulikuwa na hotuba ndani.

Teknolojia mpya ilikuwa mahaba yake ya pili. Siku moja alileta droni hospitalini kwetu, ile ndege ndogo isiyo na rubani, ituonyeshe jinsi dawa zitakavyofika vijiji vya ndani bila barabara. Wafadhili walikaa chini ya turubai. Kasisi aliomba. Droni ikapanda vizuri, ikiwa na pakiti ya dawa ya malaria tumboni, ikaelekea bara, na upepo wa kusi ukaichukua. Tuliikuta mchana katika boma moja nyuma ya mashamba ya mkonge, na bomani humo mlikuwa na matanga. Waombolezaji walikuwa wameifunika kwa ungo. Mzee mmoja alimuuliza Profesa kwa adabu kama kile kitu ni chake, na kama kuna vingine vinavyokuja, maana wanawake wameacha kupika. Profesa alimweleza habari za mawimbi ya mawasiliano. Mzee akasubiri amalize, akampa droni yake na pole za msiba, maana ndivyo wageni wote wa siku ile walivyokuwa wakipewa. Kwenye ripoti, jaribio lile liliitwa la mafanikio, kwa kuwa ndege ilitua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa ajili yake siwezi kumsimulia mtu huyu nikitabasamu mpaka mwisho.

Kulikuwa na programu ya kompyuta iliyotengenezwa na yeye na wenzake, yenye akili mnemba, ya kubashiri hospitali itahitaji dawa gani na lini. Wafadhili waliipenda. Hospitali yetu ilichaguliwa iwe ya kwanza, na mimi nikiwa mfamasia nilikaa naye wiki nzima tukiilisha kompyuta habari za miaka iliyopita. Ilifanya kazi, na ilifanya vizuri. Dawa za shinikizo la damu hazikutuishia tena, na hakuna kilichoharibika rafuni. Mganga mkuu alifurahi. Sote tulipiga makofi.

Kisha programu ilifika kwenye dawa ya sumu ya nyoka. Dawa hii hutoka nje, ni adimu, huhitaji jokofu, na muda wake huisha upesi. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa ukame, na nyoka hawakuuma watu wengi. Kompyuta ikasema tusiweke, ikihitajika italetwa kutoka Mombasa siku hiyo hiyo.

"Profesa," nilimwambia, "hii tuiache nje ya hesabu. Mvua ikinyesha watu watakuwa shambani."

"Ndiyo maana tuna mashine, jirani. Mashine haina woga."

"Mwaka ule wa corona wewe ndiye uliyeniambia niweke."

"Ule ulikuwa wakati wa data mbovu," akasema kwa upole kabisa, akinishika bega. "Sasa tuna data nzuri."

Mganga mkuu alikubaliana naye. Chupa zilizosalia zilipokwisha muda wake hazikurudishiwa nyingine.

Mvua ilikuja, na ilikuwa ile mvua isiyouliza. Barabara ilikatika kusini mwetu, upande wa Kilifi, mimi nikawa nalala hospitalini pamoja na wauguzi. Kadzo aliletwa asubuhi juu ya mkokoteni. Nilikuwa namjua, kama wote pale walivyomjua, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akituletea mchicha na mihogo ya jikoni, mwanamke mrefu wa Kigiriama mwenye mwendo wa haraka ambaye hata akikusalimu alikuwa ameshakupita. Alikuwa akipalilia mahindi, akamkanyaga moma. Mguu ulikuwa umeshavimba hadi gotini, ngozi inang'aa kama biringani.

"Daktari," aliniambia, maana kwao kila mwenye koti jeupe ni daktari, "nidunge mapema. Nimeacha mtoto kwa jirani."

Nilipiga simu Mombasa. Walikuwa wamebakiza chupa chache, meli iliyobeba nyingine ilikuwa bado inazunguka Afrika, na hata hizo chache hazikuwa na njia ya kupita. Nikapiga Malindi, huko nao walikuwa wamejiunga na programu ile ile, na jokofu lao lilikuwa kama letu. Ndipo nikampigia Profesa.

"Ile droni," nikamwambia. "Mombasa kuna dawa. Ilete Kilifi kwa gari, kisha droni iivushe penye maji. Ni karibu."

Nilisikia redio nyumbani kwake.

"Ile ni ya majaribio, jirani," akasema. "Haina kibali cha kuruka wakati huu. Na betri yake tuliitoa."

"Basi nifanye nini?"

"Fuata utaratibu. Mfumo umezidiwa, lakini utajirekebisha."

Nilirudi wodini nikamshika Kadzo mkono. Sikuwa na kitu kingine cha kumshikia. Dawa ilifika hatimaye, vijana wa mtumbwi waliivusha, ikaiokoa roho yake. Mguu haikuuokoa. Waliukata Malindi, juu ya goti.

Nilisubiri Profesa aje hospitalini. Hakuja. Nilipokutana naye penye ua alinipa pole kama anayempa pole mfiwa, akasema tukio lile lina mafunzo makubwa. Nilimuuliza mafunzo kwa nani. Akasema kwa taaluma. Mwaka uliofuata alichapisha makala juu yake, na makala hayo yakamfikisha kwenye cheo tulichokuwa tumemkopesha siku zote. Mama Profesa alinipikia biriani akaileta mwenyewe. Hakusema ni ya nini. Alikaa kitini kwangu muda mrefu, akaniuliza huyo mama wa mguu anaishi wapi, na nilisikia baadaye kuwa alikuwa akienda huko Jumamosi, akibeba unga.

Mimi niliihama Mnarani. Nilifungua duka langu la dawa Malindi, karibu na soko la zamani, na majokofu yangu yamejaa, wala sioni haya. Profesa naye alihamia Nairobi. Nilikuwa nikimsikia redioni tu, na kwa redio hiyo hiyo nikasikia amebadilika. Ghala halikuwa tena kaburi. Sasa alikuwa akifundisha ustahimilivu, na msemo wake mpya ulikuwa kwamba akiba ni akili. Aliutamka kwa utulivu ule ule.

Ndipo akanipigia simu. Kulikuwa na kongamano kubwa katika hoteli moja ya ufukweni hapa Malindi, naye ndiye mzungumzaji mkuu.

"Nahitaji sauti ya mashinani, jirani. Yule mama. Dakika chache za video, aeleze mwenyewe."

Nilitaka kumkatalia, lakini jawabu halikuwa langu. Nikaenda kwa Kadzo nikamweleza ombi lile, na ni nani anayetaka kuja.

"Ni yule aliyesema dawa isiwekwe?"

"Ndiye."

Alifikiri, akisugua gongo lake kwa kiganja. "Mlete," akasema. "Nataka kuiona sura yake ikinisikiliza."

Tulimkuta amevaa leso mpya, amekaa kwenye kiti uani, nywele zimesukwa. Profesa alisalimu vizuri, akakubali muhogo, akala. Alikuwa amenenepa na mvi zimempendeza. Aliposimamisha simu yake kwenye stendi ya miguu mitatu, Kadzo aliinua mkono.

"Utapiga uso," akasema. "Uso wangu sina neno nao. Huku chini usipige. Mguu huu hata mwanangu simwonyeshi."

"Nakuahidi, mama," akasema Profesa. "Uso tu."

Kadzo akasimulia. Alisimulia kwa kumtazama yeye, si simu: mahindi, nyoka, mkokoteni, siku zile za kungoja, harufu ya mguu wake mwenyewe. Alimwambia kwamba kwa miezi alikuwa akiamka na kusimama ili aende shambani, akaanguka, kwa sababu usingizini mguu ulikuwa unarudi. Profesa aliinamisha kichwa. Nilidhani yamemwingia. Katikati ya maneno kuku aliingia chini ya kiti cha Kadzo, akamfukuza kwa leso, leso ikapanda, akaishusha. Wakati ule ule Profesa alikuwa ameinuka kidogo akiirekebisha simu. Mimi sikulitilia maanani.

Alipomaliza, Kadzo alimuuliza, "Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama. Ni ushuhuda wenye nguvu sana."

Kadzo alinigeukia kama mtu aliyejibiwa kwa lugha ngeni. Kwenda hotelini alikataa. "Nenda wewe," akaniambia. "Uniangalizie."

Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine, maua mezani, chupa za maji, watu wa suti na vitambulisho shingoni. Nilikaa mbele, pembeni. Profesa alizungumza vizuri. Hajawahi kuzungumza vibaya. Alieleza meli, vita, mafuriko, kompyuta zinazobashiri na mipaka yake. Alisema "tulijifunza", alisema "ilibainika", na katika yote hayo sikusikia mtu yeyote aliyeamua jambo lolote. Kisha taa zikapunguzwa, na uso wa Kadzo ukajaa ukutani.

Alikuwa mzuri pale ukutani. Alifika kwenye mkokoteni, kisha kuku akasikika, na picha ikateremka. Iliteremka taratibu, kwa makusudi, ikapita leso inayopanda, ikatua penye kigutu, ikaganda hapo. Mtu nyuma yangu alivuta pumzi. Mwingine aliinua simu yake apige picha.

"Hii," akasema Profesa gizani, sauti yake imelainika, "ndiyo sura ya mnyororo uliokatika."

Niliinuka. Projekta ilikuwa juu ya meza ndogo, hatua chache kutoka kitini kwangu, na waya wake ulikuwa umepita chini ya zulia hadi ukutani. Niliufuata kwa mkono, nikauchomoa. Ukuta ukawa mweupe, kisha ukawa ukuta.

Minong'ono ilianza. Aliyekuwa na swichi aliwasha taa zote, na Profesa akawa amesimama jukwaani na kidude cha kubadilishia picha mkononi, akikibonyeza. Alikibonyeza tena. Kisha akawatabasamia watu.

"Tuvumiliane, mabibi na mabwana. Ni hitilafu ndogo ya mitambo."

Akageuza kichwa kumtafuta fundi, ndipo akaniona, nimesimama kando ya ukuta, waya umening'inia mkononi mwangu.

"Si hitilafu, Profesa," nikamwambia, na ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba sikuhitaji kupaza sauti. "Ni mimi."